Mtunzi ni Nani?

Liko neno moja ambalo limenikera kwa zaidi ya miaka thelathini, nalo ni neno "kwaya" linapoandikwa mahali pa jina la mtu. Chukua kaseti yoyote ya nyimbo za dini ya miaka ya 1990, kama bado unayo nyumbani, uligeuze jalada lake. Utakuta jina la kanisa, jina la studio, jina la msambazaji pamoja na sanduku lake la posta, onyo kali kwamba ni marufuku kurudufu kanda hii, na mara nyingi jina la mchungaji na la mwenyekiti wa kwaya. Sasa mtafute aliyetunga wimbo wa kwanza wa upande A. Utasoma: "Watunzi: Kwaya." Au hutasoma kitu. Mimi ninalo sanduku zima la kaseti hizo, nilizonunua stesheni, sokoni na kwenye milango ya makanisa, na zile zinazotaja mtunzi wa kila wimbo naweza kuzishika zote kwa mkono mmoja.

Kaseti zimekwisha. Zikaja sidii, nazo zinakwisha. Leo kijana anakwenda kibandani na simu yake, analipa pesa kidogo, anajaziwa nyimbo za mwaka mzima katika memori kadi. Albamu mpya inazinduliwa ukumbini kwa matarumbeta, mgeni rasmi anatoa ahadi yake mbele ya kipaza sauti, na kabla viti havijakusanywa video imekwisha kuwekwa YouTube ili Watanzania walioko Muscat na Minneapolis nao waione. Chombo kimebadilika mara tatu mbele ya macho yangu, na jina la mtunzi halimo katika vyote vitatu.

Wengi huliita jambo hili usahaulifu. Mimi naliita wizi, na wanaoufanya ni watu wa heshima, baadhi yao rafiki zangu ambao tunaketi benchi moja siku ya Jumapili.

Jibu lao nalijua, maana nimelisikia mara nyingi. Ati sifa zote ni za Mungu, kwa hiyo mtunzi wa wimbo wa dini hana haja ya kutajwa, na akitaka kutajwa basi ana kiburi. Jibu hili lina sura ya unyenyekevu. Lakini hebu mwangalie anayelitoa. Halitolewi na mtunzi. Linatolewa na mwenyekiti ambaye jina lake limo katika jalada, na mzee wa kanisa ambaye jina lake limechongwa katika jiwe la msingi pale mlangoni, pamoja na tarehe, ili wajukuu wasome. Jiwe hilo nalo si la sifa ya Mungu? Mbona mwashi hakuambiwa achonge "Limewekwa na Waumini"? Unyenyekevu ambao mtu anamwamuru mwenzake autimize, huku yeye mwenyewe amesamehewa, mimi siuiti unyenyekevu.

Tena jibu hilo halina msingi hata katika kitabu wanachokishika mkononi. Fungueni Zaburi. Zaburi 12 zina jina la Asafu juu yake, ya 50 na kuanzia ya 73 hadi ya 83. Nyingine ni za wana wa Kora, nyingine ni za Daudi, na wako hata wengine waliopata zaburi moja moja tu, nao wametajwa. Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 25, kinawaorodhesha waimbaji wa hekaluni ukoo kwa ukoo, kisha kinatoa hesabu yao, watu 288. Aliyeandika hayo hakuogopa kwamba sifa za Mungu zitapungua kwa kumtaja Asafu. Wakuu wetu wa kwaya wanaogopa.

Wala si desturi yetu Waswahili na Wabantu kuuacha utungo uwe yatima. Wale wa rika langu watakumbuka kurasa za mashairi katika magazeti, Kiongozi, Uhuru na Mzalendo. Mshairi alipofika kaditama alijitaja jina, mara nyingi na lakabu yake, na chini yake likafuata sanduku la posta na mji. Ukitaka kumjibu ulijua pa kumpata, na walijibizana kwa miezi. Katika ngoma zetu za huku Unyamwezini na kwa ndugu zetu Wasukuma, manju hujitaja ndani ya wimbo wake mwenyewe, humtaja aliyemfundisha, na humtaja pia mpinzani wake ili ampige kijembe. Ngoma nzima inajua wimbo ni wa nani. Sasa hawa waliotufundisha kwamba ngoma ni mambo ya giza na kwaya ni mambo ya nuru, mbona katika giza watu walikuwa na majina?

Hata katika ile waliyoiita miziki ya dunia. Tabora ilikuwa na bendi zake, Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, na kila mzee wa mji huu aliyewahi kucheza dansi atakutajia Salum Zahoro wa Kiko Kids na Shem Karenga wa Tabora Jazz bila kukuna kichwa. Tuliyajua majina hayo kwa sababu mtangazaji wa redio aliyasema. Mtunzi wa wimbo wa baa ametajwa, mtunzi wa wimbo wa kanisa amefichwa. Mimi si mtu wa baa, lakini katika hili baa ilikuwa na haki kuliko kanisa.

Mfano mzuri upo, na ni wa Mtanzania. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi katika chuo cha theolojia cha Kilutheri Makumira, alitunga maneno ya wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya", kwa sauti ya asili ya nchi hii. Mmisionari Howard Olson, aliyekuwa akikusanya nyimbo za Kiafrika pale chuoni, aliutafsiri kwa Kiingereza, na wengine wakautafsiri kwa lugha nyingine. Leo wimbo huo umo katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani kilichotoka mwaka 1993, namba 116, na umo katika vitabu vya Walutheri wa Marekani. Chini ya wimbo limechapwa jina la Kyamanywa na mwaka wa utunzi. Mjerumani ambaye hajui Bukoba iko wapi anaweza kulisoma jina hilo kila Pasaka. Hakuna aliyesema Mchungaji Kyamanywa ana kiburi. Kilichofanyika ni kwamba mtu mmoja alichukua kalamu, akaandika, na mwingine akachapa alivyoandika yule. Kazi ya dakika moja.

Jambo hili linaniuma zaidi kwa sababu naishi Tabora. Mji huu umejengwa na mabega ya watu. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe, na hata reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilifuata karibu mle mle walimopita wapagazi. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32, siku baada ya siku, na alitembea akiimba. Kirangozi mbele alianza, msafara ukaitikia. Burton alipofika Kazeh mwezi Novemba 1857 alikuwa amekwisha zisikia nyimbo hizo kwa miezi kadhaa. Stanley, aliyekaa Kwihara mwaka 1871, alizisikia pia. Watu hawa waliandika vitabu vinene. Wameandika majina ya Waarabu waliowakaribisha, bei ya shanga, hata majina ya punda. Nyimbo wamezitaja na kuzisifu. Na aliyezitunga? "Wapagazi." Basi. Wamo wachache walioponyoka katika usahaulifu huo, kama Sidi Mubarak Bombay, lakini yeye alikuwa kiongozi wa watu. Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makao hapa Tabora, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, nasi tunazisoma mpaka leo. Waliombebea pembe hawakuandika.

Jalada la kaseti ya kwaya ni kitabu cha Burton kwa udogo wake. Linamtaja mwenye msafara na kumsahau aliyeimba. Burton nitamsamehe kidogo, maana alikuwa mgeni na homa ilimshika. Kamati ya kwaya si mgeni. Inamjua mtunzi, inamjua mama yake, na inajua nyumba anayokaa.

Sasa njoo nami Ulyankulu, huko kaskazini-magharibi ya mji wetu. Mwaka 1972, baada ya mauaji makubwa ya Burundi, maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka, na wengi wao wakaletwa katika pori lile la miombo lenye mbung'o na nyuki. Pori likakatwa barabara, barabara zikapewa namba, na watu wakapewa viwanja kandokando yake. Ndiyo sababu nchi hii ikawa na kwaya inayoitwa Barabara ya 13. Maji na ardhi havikuwatosha wote, na kuanzia mwaka 1978 wengine wakahamishiwa Mishamo. Waliobaki walilima mahindi, mihogo na tumbaku, na waliimba. Walitunga kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi wao waliikuta ukubwani, wakaimudu kuliko sisi tuliozaliwa nayo.

Kanda za Kwaya ya Barabara ya 13 na za Kwaya ya Mapigano, zote za Ulyankulu, zilivuma nchi nzima na kuvuka mpaka. Nimezisikia Mwanza, nimezisikia Dodoma, na jamaa zangu waliofika Nairobi walizisikia ndani ya matatu. Ulipopanda treni ya Kigoma miaka ile ulizisikia kutoka Kaliua mpaka Uvinza, kila redio kaseti katika kila stesheni. Na hapa, msomaji, tafakari jambo hili. Mkimbizi wa makazi yale alihitaji kibali cha Mkuu wa Makazi ili asafiri nje ya eneo. Wimbo wake ulifika Nairobi bila kibali, na yeye aliyeutunga hakuweza kufika Tabora mjini kununua kaseti yenye sauti yake mpaka apigiwe mhuri. Mwaka 2007 serikali iliamua kuwafungulia mlango wa uraia wale wa mwaka 1972, na kuanzia mwaka 2014 vyeti viligawiwa, kwa watu zaidi ya laki moja na nusu wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Cheti kile kina jina la mtu. Ilichukua miaka zaidi ya arobaini, lakini jina liliandikwa.

Nisieleweke vibaya. Sizilaumu kwaya hizo mbili, wala sijui siri za kamati zao. Nazitaja kwa sababu ndizo fahari kubwa ya muziki iliyotoka katika mkoa huu baada ya zile bendi za jazz. Lakini jaribu mwenyewe: nitajie mtunzi mmoja wa Ulyankulu. Nimewauliza walimu wenzangu, mapadri, wachungaji, na mtangazaji mmoja wa redio ambaye amecheza nyimbo hizo maisha yake yote ya kazi. Wananitajia namba ya barabara.

Wengine wanasema hakukuwa na pesa, kwa hiyo tunagombania nini? Pesa ilikuwapo. Haikuwa nyingi, lakini ilikuwapo, na ilijua pa kwenda. Kabla ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, sisi wa Bara tulikuwa na Radio Tanzania tu, na kwaya ikirekodiwa huko ilishukuru kusikika. Redio za watu binafsi na za madhehebu zikafuata, Radio Tumaini na Radio One mwaka 1994, na studio zikaota Dar es Salaam kama uyoga. Hapo ndipo kila kwaya ilipotaka albamu. Nimeona wanakwaya wa vijijini wakiuza karanga na asali, kila mmoja akitoa mchango wake, ili wapate nauli ya treni na ada ya studio. Walirekodi usiku, wakalala sakafuni kwa ndugu. Kisha kanda mama ilinunuliwa na msambazaji kwa bei ya mara moja, yeye akarudufu kadiri alivyoweza, na wezi wa Kariakoo nao wakarudufu zaidi yake. Kilichorudi kijijini kililiwa na vyombo vipya vya muziki, sare na kinanda. Mtunzi alipata sare, kama wenzake.

Sipingi kinanda. Nataka muone kwamba pale palipokuwa na shilingi, kila mtu alikuwa na jina: msambazaji, mwenye studio, mpiga picha. Mtunzi peke yake ndiye aliyeambiwa thawabu yake iko mbinguni.

Na matokeo yake ni haya mnayoyalalamikia leo. Kila mkutano wa kwaya nasikia kilio kwamba vijana wanakimbia kwaya, kila mmoja anataka albamu yake, picha yake peke yake juu ya jalada, miwani ya jua na gari la kuazima. Ni kweli, na mimi mwenyewe sipendezwi na miwani ile. Lakini ni nani aliyewakimbiza? Rose Muhando alianzia katika kwaya ya Kianglikana huko Dodoma. Alipotoa "Mteule Uwe Macho" mwaka 2004 kwa jina lake mwenyewe, Afrika Mashariki yote ikamjua, na baadaye akasaini mkataba na kampuni ya Sony Music. Christina Shusho, mzaliwa wa Kigoma, mwisho wa njia yetu hii ya misafara, naye anajulikana kwa jina lake. Binti mwenye kipaji anayeimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kijiji anayaona hayo. Anajua akibaki ataitwa "kwaya", na akitoka ataitwa kwa jina alilobatizwa. Mnamlaumu kwa kuchagua jina lake? Kama mngeandika tangu mwanzo, "Wimbo wa tatu: umetungwa na fulani, solo ni fulani, kinanda ni fulani," wengi wangebaki, na sauti nne za kwaya, ambazo kwangu mimi ni nzuri kuliko sauti moja na kompyuta, zingekuwa hai mpaka sasa.

Nitatoa kisa kimoja ninachokijua vizuri, bila kutaja mahali. Mwanafunzi wangu wa zamani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha mkoa huu, na mwalimu wa kwaya pia. Sisi tuliopita vyuo vya ualimu vya zamani tulifundishwa kuandika muziki kwa solfa, do, re, mi, na kijana huyu niliyemfundisha mimi aliishika solfa kuliko wenzake wote. Kwaya yake ilitoa albamu ya nyimbo kumi. Nane alizitunga yeye. Jalada likaandikwa kama kawaida. Baada ya miaka minne akahamishwa kikazi, akaenda wilaya nyingine, na huko akarekodi kanda ndogo kwa mshahara wake mwenyewe, akiweka ndani yake nyimbo mbili kati ya zile nane. Haukupita muda akapata barua yenye mhuri kutoka kwa uongozi wa kule alikotoka. Anatuhumiwa kuiba nyimbo za kwaya. Anatakiwa afike, aombe radhi, na azuie kanda yake isiuzwe.

Alikuja kwangu na barua hiyo pamoja na madaftari matatu. "Shikamoo Mwalimu," akaketi, hakusema zaidi. Madaftari yalikuwa yale ya shule, ya kurasa 48, jalada lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ndani kulikuwa na zile nyimbo nane, solfa ya sauti zote nne, zimefutwa na kusahihishwa, na juu ya kila mmoja tarehe. Mmoja aliutunga wiki aliyozika mtoto wake. Tarehe ya kuzaliwa na ya kufa kwa mtoto imeandikwa pembeni kwa penseli. Huo ndio wimbo aliotuhumiwa kuuiba.

Niliongozana naye. Wazee walitupokea vizuri, tukala ugali na kuku, kisha tukaketi. Nikayaweka madaftari mezani. Mzee mmoja akayafunua kidogo, akasema, "Mwalimu, hatukatai kwamba aliandika. Lakini aliandikia kwaya." Nikauliza kama kwaya ilimlipa mshahara wa kuandika. Hapana. Kama iliandikiana naye mkataba. Hapana. Kama kuna mwingine yeyote chumbani aliyeandika hata mstari mmoja. Kimya. Kikao kiliisha bila uamuzi, jambo ambalo kwa desturi yetu maana yake ni kwamba mwenye nguvu ameshinda. Yule mwalimu hakuuimba tena ule wimbo hadharani. Kwaya inauimba mpaka leo, na nimeuona umewekwa katika YouTube na mtu wa tatu kabisa.

Sasa hoja ile ya mzee, "aliandikia kwaya", ndiyo hoja pekee ya maana niliyowahi kusikia upande wa pili, kwa hiyo niijibu sawasawa. Ni kweli wimbo wa kwaya una mikono mingi. Mmoja analeta sauti ya kwanza, mwingine anaipatia besi, mpiga kinanda anaingiza mapambo yake. Basi waandikwe wote. Na kama sauti imetoka katika ngoma ya zamani, iandikwe hivyo: "Sauti ya asili ya Kinyamwezi." Na sheria inaijua tofauti hii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, inampa mtunzi haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi, na ilipotungwa iliilinda kazi yake muda wa uhai wake na miaka 50 baada ya kufa. Waimbaji nao wana haki yao kwa ule uimbaji wao. Ndiyo maana ya hilo neno la pili, hakishiriki. Haki mbili zinakaa katika kanda moja bila kugombana. Kwaya haihitaji kumnyang'anya mtunzi kitu ili iwe na chake. Mwajiri anaweza kuwa na dai juu ya kazi ya mwajiriwa wake, lakini mwanakwaya si mwajiriwa. Yeye ndiye anayetoa mchango kila Jumamosi.

Wimbo usipoandikwa mwenyewe mapema, ugomvi hauishi. Tazameni "Malaika". Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurekodi ukavuma, na huku kwetu wengi wanashikilia kwamba mtunzi ni Adam Salim. Wote wawili wamekufa, wimbo umeimbwa dunia nzima, na vitabu bado vinabishana. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" mwaka 1939, akafa maskini mwaka 1962, na wajukuu wa tajiri wakala matunda yake. Watoto wake walipata suluhu na wakubwa wa Marekani mwaka 2006. Yeye angalau jina lake lilikuwa juu ya sahani. Sisi tunawanyima watu wetu hata hicho cha kushikia kesho mahakamani.

Walimu wenzangu nao sitawaacha. Kwa miaka mingi nilisimama mstarini kila asubuhi, watoto mia kadhaa wakiimba wimbo wa taifa. Sauti ya wimbo ule ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni na kiongozi wa kwaya huko Johannesburg. Alikufa mwaka 1905. Kaburi lake lilipotea, watu wakalitafuta miaka mingi, na mwaka 1996 ndipo serikali ya Mandela ilipoliwekea ukumbusho katika makaburi ya Braamfontein. Mwalimu wa kwaya! Mtu wa kazi yetu hasa! Sauti yake imeinua bendera zetu tangu mwaka 1961, na ukiuliza darasa la saba lolote, na hata walimu wao, ni nani aliyeitunga, utatazamwa tu. Shuleni kwangu niliandika jina lake kwa chokaa juu ya ukuta unaotazama mlingoti. Aliyenirithi alipaka rangi.

Kwa hiyo sisubiri Ofisi ya Hakimiliki ije Tabora kutufanyia kazi hii. Kamati ya kwaya inaweza kuifanya katika kikao kimoja. Kila kwaya iwe na daftari lake, lililo gumu, la kukaa kabatini: jina la wimbo, aliyetunga maneno, aliyetunga sauti, aliyepanga sauti nne, tarehe, kijiji. Daftari hilo lisainiwe na mtunzi na katibu. Albamu itakapotoka, yaliyomo humo yachapwe kwenye jalada, na kama ni YouTube yaandikwe chini ya video, na kama ni redio mtangazaji apewe karatasi. Mtunzi akihama, anahama na nyimbo zake, na kwaya inaendelea kuziimba kwa jina lake. Nyimbo za zamani nazo ziandikwe sasa, wakati wenyewe wangali hai. Wako Sikonge, wako Urambo, wako Ulyankulu, wengi ni wazee kama mimi na wanakumbuka mwezi na siku. Itachukua Jumapili mbili.

Najua nitaambiwa kwamba mzee huyu anapenda majina, na kwamba la kwake ameliweka kwa herufi kubwa juu ya kitabu hiki alichokichapa kwa pesa yake. Nimeliweka. Nimeandika mimi.

Na kadi za uzinduzi zinaendelea kunifikia, maana mkuu wa shule mstaafu anadhaniwa ana akiba. Mwaka jana nilizirudisha tatu ambazo hazikutaja mtunzi. Ya nne ilimtaja, kwa kalamu, pembeni, baada ya mimi kuuliza. Nikaenda, nikatoa elfu hamsini, na nikampa yeye mkononi.